Maji Yamejaa, Watu Wako Kwenye Mahamri

Mimi sina ugomvi na samaki. Samaki ni kiumbe muungwana: akitaka kula anakula, asipotaka anakwenda zake, wala hakupigii simu kukwambia "niko njiani" ilhali hata kitandani hajaondoka. Ugomvi wangu ni na watu ninaokwenda nao kuvua.

Jumamosi iliyopita mwezi ulikuwa mpevu, kaskazi iko ukingoni, joto la Machi limeshika Mombasa mpaka mtu anagombana na shati lake. Mtoto wa Pwani gani asiyejua kwamba mwezi ukijaa pana bamvua? Na bamvua ya Machi ndiyo yenyewe, maji yanaweza kupanda na kushuka karibu mita nne. Tena haitaki programu ya simu. Hapa kwetu, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Yalikuwa hivyo hata kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome, hii Fort Jesus, mwaka 1593. Sasa mtu mzima, mwenye ndevu, unamwambiaje "tuondoke saa tisa usiku tuyawahi maji," naye akasikia "tuondoke ukishashiba"?

Saa tisa usiku, nje ya kwangu Majengo, tuliosimama ni mimi na paka. Nahodha alitokea saa kumi na moja. Tunamwita Nahodha, lakini chombo alichowahi kukiongoza maishani ni meza ya kuuzia kava za simu pale Mwembe Tayari. Amebeba rodi mpya, ndefu kupita mlango, mpini bado uko kwenye nailoni ya dukani. Namwambia toa hiyo nailoni, utateleza. Ananiambia, "Ikitoka, bei ya kuuzia inashuka." Mtu hajatia ndoana majini, ameshafikiria kuuza.

Ami Juma tulimngoja atoke msikitini, na hilo halina maneno. Lakini baada ya swala akaketi kwenye kahawa.

"Shikamoo, ami. Maji yanapwa."

"Marahaba. Mbona waniharakisha mwanangu, kwani bahari itahama?"

Ami, bahari yahama! Kila baada ya saa sita na ushei yahama! Lakini mtu mzima hajibiwi hivyo, nikameza mate, nikaagiza kahawa na mimi.

Shibe ndiye aliyenimaliza. Alikuja hana mshipi, hana ndoana, hana chubwi ya kuuzamisha mshipi. Ana sufuria na ndimu. "Ndimu za nini?" "Za samaki." Kisha akatangaza kwamba haiwezekani mvuvi kwenda baharini na tumbo tupu, akatuingiza kwa mama wa mahamri. Mama anachota mbaazi kwa upawa, Shibe amemkodolea macho, "Ongeza tui kidogo, mama, usinionee haya." Hamri anaipasua kwa vidole viwili, anaiacha itoe moshi, anaijaza mbaazi, anaifunga, anaitazama kwanza. Anaitazama! Mimi nje naona mbingu zinakuwa nyeupe.

Feri ya Likoni mwenye miguu halipi, kwa hiyo pale hakuna aliyechelewesha kwa kutafuta chenji, alhamdulillahi. Tatizo ni kwamba asubuhi watu wote wanatoka Likoni kuja mjini, sisi tunakwenda kinyume nao, na Nahodha ana rodi yenye ndoana inayoning'inia. Kufika kule juu ikanasa leso ya bi mkubwa mmoja. Yule mama akavutwa hatua mbili nyuma, akageuka, akaitazama ndoana, akamtazama Nahodha kuanzia viatu. "Weye! Umeniona nguru mimi?" Tulisimama pale tunanasua, watu wanapita wanatoa ushauri, mmoja anasema kata leso, mama anasema kata mkono wake.

Basi tukapanda matatu, tukashuka, tukachukua boda, na kufika ukingoni Tiwi, karibu na mlango wa mto Mwachema, pale ng'ambo penye mibuyu na msikiti wa kale wa Kongo, saa ni nne kamili. Bahari haipo. Kuna majani ya bahari yamelala, kuna vidimbwi, kuna watoto wanatembea juu ya mwamba na vijiti kutafuta pweza, na mawimbi ni mstari mweupe mbali huko. Nahodha hakukata tamaa. Akapanda jiwe, akajipinda, akarusha kwa nguvu zote. Chubwi ikaangukia kwenye dimbwi la maji ya kifundo. "Tulieni," akasema, "msipige kelele." Katoto kamoja kakaenda kakaiokota chubwi, kakamrudishia mkononi.

Kwa hiyo tukakaa chini ya mvinje kungoja maji yarudi. Kungoja na Nahodha ni kazi, maana ameangalia video nyingi na zote anazikumbuka. Mshipi wa unene huu, ndoana ya namba ile, samaki anaona rangi gani. Ami amelala. Nikainuka nikatembee mwambani nitafute pa kusimama jioni, mahali penye kina, pasipokwamisha ndoana. Nikapapata. Narudi kwa furaha nisikie harufu tamu.

Chambo, jamani. Ngisi wangu. Nimemnunua mwenyewe kwa wavuvi jana yake, nimemkatakata vipande vya kidole, nimemtia chumvi asilegee kwenye ndoana, nimemfunga vizuri gazetini. Shibe amemkaanga kwenye sufuria yake juu ya mawe matatu, amemkamulia ndimu.

"Nilidhani chakula," akasema. "Alikuwa amekatwa vizuri mno."

Ami Juma, aliyekuwa amelala, sasa yu macho na kipande mkononi. "Ngisi mzuri," akasema, "ila chumvi imezidi."

Maji yakarudi mchana, taratibu kisha kwa haraka, yakafunika majani, yakafika miguuni pa mwamba, na samaki nao wakaja. Nawaona, migongo inapinduka chini yangu, pahala nilipopachagua! Na sisi tumeshika ndoana tupu, chambo kiko tumboni mwa wavuvi. Ikabidi Ami atoe hamri moja aliyoificha mfukoni, tukaifinyanga vidonge kwa mate. Na ikaliwa! Rodi ya Nahodha ikapinda, akapiga kelele zote alizotukataza asubuhi, akavuta, akatoa tafi wa kiganja kimoja.

Ami akasema, "Usimshike hi—"

Ameshamshika. Tafi mtu anayemjua humkamata kwa kitambaa au humkanyaga kwa kiatu, kwa sababu miiba yake ya mgongoni na tumboni ina sumu. Haiui, lakini maumivu yake hayana adabu. Nahodha alilia mpaka kunguru waliokuwa kwenye mvinje wakahama. Dawa inajulikana: mkono uingie kwenye maji ya moto, moto wa kuvumilika, kwani ndio unaotuliza maumivu ya sumu ile. Lakini moto wa Shibe umezimika zamani, na maji ya moto hapo Tiwi mwambani ni yapi? Wote wakanigeukia mimi. Wakaitazama chupa yangu ya chai.

Chai ya maziwa, tangawizi na iliki, ambayo sikuigusa tangu alfajiri nikiitunzia jioni. Ikamiminwa yote kwenye kifuko cha nailoni, mkono wa Nahodha ukatumbukizwa ndani, naye kadiri alivyotulia ndivyo alivyozidi kuulamba ule mkono. Tulipokuwa tumemzunguka hivyo, maji yakapanda yakachukua sufuria ya Shibe. Sikusema neno. Niliiangalia tu inavyokwenda.

Tafi aliliwa kwa Ami, mimi sikuitwa.

Jana napita maskani nakuta watu wamejaa, Nahodha yuko katikati na mkono kwenye bandeji. Tafi ameshakuwa chewa, chewa ameshafika kiunoni, na walishindana kuanzia adhuhuri. Chai haimo kabisa kwenye hadithi. Shibe akanivuta pembeni, akaniuliza Jumamosi hii tunatoka saa ngapi. Nikamwambia mwezi umekuwa nusu, ni maji mafu, hayapandi wala hayashuki sana, hakuna kwenda.

"Basi na tukae tu ufuoni," akasema. "Ngisi uje naye. Ila safari hii chumvi punguza."