Mafindofindo ya Pwani Yasitupwe

Mtoto akikatwa mafindofindo, zile nyama mbili za kooni (tonsili), hapa Mombasa, kwa kawaida nyama ile huishia kwenye taka za hospitali. Ni hasara kubwa. Mna mamilioni ya seli za kinga humo, na kama mtoto ni wa Kwale au Kilifi, huenda baadhi zimekwisha kupambana na malaria au kichocho.

Mwaka 2021 watafiti wa Stanford, Marekani, walionyesha kwamba seli za mafindofindo zikitenganishwa kisha zikarundikwa pamoja, hujipanga upya zenyewe kwa siku chache na kuanza kutengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na maradhi, zikipewa chanjo. Panya wa maabara hatufikishi hapo: Plasmodium falciparum, kimelea kinachotuulia watoto, hakimshiki panya wa kawaida.

Kazi yenyewe ya kukuza seli hizi maabarani inataka mkono mwangalifu. Nyama isafiri juu ya barafu, ndani ya maji ya lishe yenye antibiotiki na dawa ya kuvu, maana koo halikosi vijidudu. Anayetoka Kwale aihesabu na foleni ya feri ya Likoni. Isigandishwe nzima, zigandishwe seli zikishatenganishwa. Kuhesabu ndiko kunakowaangusha wengi. Tia rangi ya tripani: seli iliyokufa hunywa bluu, iliyo hai huikataa. Kila kisima, yaani kishimo kidogo cha sahani ya maabara, kinataka seli hai milioni 6 katika maikrolita 100, juu ya utando wenye matundu ya maikromita 0.4, lishe ikiwa chini yake. Ukihesabu na zilizokufa, zilizobaki hazitashikana, na baada ya wiki utakosa kingamwili ukadhani mtoto hana kinga.

Kosa baya zaidi ni hili. Kimelea cha malaria tunachozipa seli ili zijibu hukuzwa ndani ya chembe nyekundu za damu ya mtu mwingine. Usipoweka kisima cha pili chenye chembe nyekundu zisizo na kimelea, hutajua seli zimejibu malaria au damu ya mtu baki.

Wengu na ini, ambavyo malaria hupitia mwilini, havimo katika kisima hicho, na hilo lisemwe wazi. Lakini swali la kingamwili tunaweza kuliuliza kwa seli za watoto wetu wenyewe.

Mzazi aulizwe kabla ya upasuaji, kwa Kiswahili chepesi, na akikataa mwanawe atibiwe vilevile. Tangi la naitrojeni ya maji, la kuhifadhia seli zilizogandishwa, nalo likae hapa hapa Pwani, na awepo mtu wa kulipima kina kila wiki: naitrojeni hupungua hata mfuniko ukifungwa.