Shangazi alichimba mtaro, ujuzi uko wapi?

Nimesoma makala inayotetea masharti ya kazi kwa wanaopokea ruzuku ya serikali. Mwandishi wake anasema anayepokea ruzuku akishurutishwa kufanya kazi atapata ujuzi na baadaye ajira. Haya, Arkansas kule Marekani walijaribu mwaka 2018: baadhi ya watu wazima wenye bima ya afya ya serikali ya watu wa kipato kidogo wafanye kazi, au shughuli kama masomo na kujitolea, saa 80 kwa mwezi na waziripoti. Ndani ya miezi michache zaidi ya watu 18,000 wakapoteza bima, na ajira haikupanda. Wengi walikuwa na kazi tayari au walistahili kusamehewa. Kilichowaangusha ni kuripoti kwenye mtandao, tena tovuti yenyewe usiku ilikuwa inafungwa!

Hapa Tanga, shangazi yangu wa Pongwe alipitia mradi wa aina hiyo, wa kufanya kazi ndipo upate ruzuku. Kachimba mtaro wa maji ya mvua kwa jembe lake mwenyewe, mpini umefungwa mpira wa baiskeli. Hela ilimsaidia, sikatai. Lakini jembe kalishika tangu utotoni, kafundishwa nini kipya? Na siku zile za mtaro meza yake ya mihogo ya kukaanga ililala, wateja wakahamia kwa jirani. Siku hizohizo angekaa na fundi cherehani pale Ngamiani, saa hizi angekuwa anashona sare za shule.