Ada ya Michezo Ndani ya Mkopo wa Mwanafunzi

Zogo la fedha za michezo ya vyuo Marekani huviangukia vyuo vigogo. Novemba 2023 Chuo Kikuu cha Texas A&M ilimfukuza kocha wake wa futiboli ya Kimarekani, Jimbo Fisher, ikabaki na deni la takriban dola milioni 76 za mkataba wake. Inaudhi, ila vigogo huendesha michezo kwa viingilio, wafadhili na televisheni.

Anayeumia ni mwanafunzi wa chuo cha kati, chenye timu ya daraja la kwanza bila mkataba mnono wa televisheni. Pengo huzibwa kwa ada ya michezo, mara nyingi ikiwa imefichwa kati ya ada nyingine. Katika Chuo Kikuu cha James Madison, jimboni Virginia, imevuka dola 2,000 kwa mwaka.

Tuchukue 2,000 kamili. Anayetegemea wazazi hukopeshwa na serikali hadi 5,500 mwaka wa kwanza, kwa hiyo zaidi ya theluthi inaishia uwanjani. Kwa miaka minne ni 8,000. Kwa riba ya asilimia 6.39, ile ya 2025/26, akilipa kwa miaka kumi atatoa dola 90 hivi kila mwezi, jumla karibu 10,850. Na mkopo usio na ruzuku, ule ambao serikali haimlipii riba akiwa masomoni, huanza kula riba mwanafunzi angali darasani.

Basi timu ifutwe? Hesabu inadanganya hapo. Ufadhili wa masomo ya wachezaji huandikwa kuwa gharama ya idara ya michezo, ilhali anayelipwa ni chuo kilekile. Timu ikifutwa, gharama hiyo inatoweka vitabuni, lakini kwa ufadhili huo hakuna senti inayookolewa mpaka nafasi zile zichukuliwe na wanaolipa wenyewe. Chuo Kikuu cha Alabama Birmingham kilifuta futiboli Desemba 2014. Kufikia Juni 2015 kilikuwa kimegeuza uamuzi kwa ahadi za wafadhili, na 2017 timu ikarudi uwanjani.

Jimbo la Virginia lilishika njia ya kati. Sheria yake ya 2015 inabana sehemu ya mapato ya michezo inayotokana na ada na fedha za chuo: asilimia 20 kwa vyuo vya ligi kubwa, 55 kwa vingine vya ngazi ya juu ya futiboli. Ni afadhali kuliko kufuta, ila ina tundu: bajeti ikinenepa, ada nayo inapata nafasi ya kunenepa. Tangu Julai 2025 vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kikomo kikiwa dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Chuo cha kati hakifiki huko, lakini kitajikongoja kuwafuata wakubwa, na fedha iliyo karibu ni ada. Kikomo cha dola kwa kila mwanafunzi, chenye mstari wake kwenye ankara, kingebana zaidi.