Kofia na miwani kwanza, krimu ya macho baadaye

Ukipita madukani Makoroboi, hapa Mwanza, mwisho wa mwezi utapewa habari za macho yako hata kama hukuuliza. "Dada, hapo chini ya macho pamekuwa peusi. Chukua hii, wiki mbili tu panang'aa." Kikopo chenyewe hakizidi kidole gumba, na kwa bei yake unapata kofia ya pama na miwani ya jua, na nauli ya daladala ikabaki. Mimi nasema chukua kofia na miwani.

Sina ugomvi na urembo, na wanja napaka. Ila tunaishi mahali ambapo jua linatufikia kutoka juu na kutoka chini, halafu fedha zote zinaishia kwenye krimu ya kupaka usiku. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na imeinuka zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya UV, ile ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi, inaongezeka kwa takriban asilimia 10. Mchanga mkavu nao unairudisha juu kama asilimia 15, na maji ya ziwa yana mgao wake. Upepo wa ziwa ndio unaotudanganya. Mwili unapoa, mtu anadhani jua limelala.

Nenda Igombe, kule kwa wavuvi ufukweni, asubuhi dagaa wakiwa wameanikwa. Akina mama wameinama juu ya mchanga wakigeuza, kanga kichwani imefunika nywele na masikio, uso wote uko wazi ukitazama chini, kule kule mwanga unakorudi. Mmoja wao akija kivulini na kulegeza uso, angalia pembeni mwa macho yake: utaona vijistari vyeupe vyeupe. Ni ndani ya mikunjo, pale ambapo jua halikufika kwa sababu alikuwa amekunja uso tangu asubuhi. Kwingine kote kumeungua. Kofia peke yake haimtoshi mama huyu, kwa hiyo miwani siyo mbwembwe za watu wa Capri Point, mtaa wa wenye nazo.

Lakini isiwe miwani yoyote. Tafuta iliyoandikwa UV400, yaani inayozuia mionzi hiyo. Kioo cheusi kisichozuia mionzi kina hasara yake, maana gizani mboni inapanuka, na mionzi inaingia kwa wingi zaidi.

Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, karibu nusu milimita. Tezi zake za mafuta ni chache, kwa hiyo inakauka upesi, na kila dakika inakunjwa na kukunjuliwa mara 15 hivi kwa kupepesa tu. Ongeza kufikicha. Wenye mzio wa vumbi, na mama zetu wanaokausha samaki kwa moshi, wanafikicha kutwa nzima, na ngozi yetu ya rangi ikisuguliwa mara kwa mara inajibu kwa kuwa nyeusi zaidi. Sehemu kubwa ya weusi unaouzwa dawa mjini ni huo wa kufikicha, au ni wa kurithi. Kama mama yako anao na bibi yako alikuwa nao, muuzaji hana wiki mbili za kuufuta. Mwenye mzio atibiwe mzio, na wanja utolewe kwa mafuta kidogo kwenye pamba, taratibu, bila kusugua kwa kitambaa kikavu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera hasa: mkorogo, yale mapakazo ya kung'arisha ngozi, machoni. Zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na bado vinapita chini ya meza. Tyubu za steroidi nazo, zile za kutibu ukurutu, mtu anaambiwa na shoga yake apake usoni "kidogo tu". Mwanzoni ngozi inang'aa kweli, na hapo ndipo mtu ananasa. Baadaye inazidi kuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, na akiacha, uso unawaka. Ukipaka karibu na jicho kwa muda mrefu kuna kubwa zaidi: presha ya jicho inaweza kupanda bila maumivu yoyote, na mtoto wa jicho akaja kabla ya wakati wake. Presha hiyo ikishaharibu mshipa wa fahamu wa jicho, uoni uliopotea haurudi. Eti kisa weusi ambao hakuna aliyekuwa anauona isipokuwa wewe na kioo chako.

Losheni ya kuzuia jua, yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 kwenda juu, inafaa. Ya zinki haichonyoti sana macho ikichuruzika na jasho, ingawa kwa weusi wetu unatoka kama umepakwa majivu, basi tafuta yenye rangi. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili si suala la urembo hata kidogo, kwani saratani ya ngozi inawaua wangali vijana. Mjini Moshi, pale hospitali ya KCMC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinatengeneza losheni ya Kilisun kwa ajili yao. Nashangaa tunavyoizungumza mara chache kuliko krimu za kung'arisha zinazotoka ng'ambo.

Ukavu wa kawaida, vaselini kidogo usiku inatosha, ipakwe kwa kidole cha pete kwa sababu hakina nguvu. Uvimbe wa macho asubuhi baada ya kula chumvi nyingi jana yake unashuka wenyewe kabla ya chai ya saa nne. Ila ukimwona mtoto anaamka kila siku kope zimevimba, na mkojo wake una povu, usimnunulie chochote dukani. Mpeleke akapimwe mkojo, yaweza kuwa figo.