Cheti cha programu huria kinathibitisha nini hasa?

Machi 2024, mhandisi Andres Freund alishangaa kuona kuingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kunachelewa kama nusu sekunde. Alipofuatilia akakuta mlango wa siri ndani ya XZ Utils, programu huria ya kubana data. Aliyeutia ni mmoja wa watunzaji wa mradi huo, aliyejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili kwa jina la Jia Tan.

Wanaodai programu huria zikaguliwe na kupewa cheti cha usalama wana hoja nzito. Kila mtu ameruhusiwa kusoma msimbo, ila kuruhusiwa si kusoma. Kasoro ya usalama iitwayo Heartbleed ilikaa ndani ya OpenSSL, programu huria ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, tangu 2012 hadi ilipotangazwa Aprili 2014.

Lakini cheti gani kingemnasa Jia Tan? Mradi ungeulizwa: una mtunzaji? Unafanya majaribio? Vyote vilikuwepo, na sumu yenyewe ilifichwa humo humo kwenye mafaili ya majaribio! Hata hivyo, kipande cha kuiamsha hakikuwa kwenye hazina ya Git, mahali msimbo wa mradi unapohifadhiwa hadharani. Kilikuwa peke yake kwenye furushi la toleo, yaani mafaili yanayotolewa kwa watumiaji kila toleo jipya linapotoka. Anayelinganisha furushi na hazina angeiona tofauti. Ukaguzi wa namna hiyo ndio ninaouunga mkono, maana mashine inaweza kuurudia kila toleo jipya linapotoka.

Cheti cha kawaida hakiendi kwa kasi hiyo. Chini ya FIPS 140, kanuni ya Marekani ya kuthibitisha usalama wa usimbaji, moduli (kipande cha programu au kifaa kinachosimba data) iliyothibitishwa ikibadilishwa, hata kwa kuziba tundu, si ile tena iliyopewa cheti. Mtumiaji anabaki kuchagua: cheti au usalama. (Ajabu, lakini ndivyo.)

Na nani alipie? Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ustahimilivu wa kimtandao, iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024 na ambayo masharti yake mengi yataanza kutumika Desemba 2027, imemtwika mzigo mtengenezaji anayeuza bidhaa, si mtu anayechangia msimbo kwa kujitolea. Hapo naona wamelenga vizuri. Mtengenezaji akigundua tundu katika kipande huria alichokichukua, lazima amjulishe anayekitunza, na kama ameshaandika marekebisho, ampe. Kumlipa, hakulazimishwi.