Zawadi ya Sikukuu Ifike Mkononi Mwake

Sikukuu ya Idi el-Fitri ya mwaka juzi ilitukuta nyumbani kwa wazee wetu, Ngamiani, Tanga, na watoto walijipanga barazani kama ilivyo ada ili kupokea mkono wa Idi. Kila mmoja alisogea, akaamkia, akapokea noti yake na kukimbilia uani kuwaonyesha wenzake. Ilipofika zamu ya mtoto wa kaka yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 9 na ambaye alizaliwa na sindromu ya Down, mzee aliyekuwa akigawa alimtazama kwa mapenzi, akampapasa kichwani, kisha akampa mama yake ile noti huku akisema, "Mshikie mwenzio, wewe ndiye unayejua cha kumnunulia." Mtoto alibaki amekinga kiganja.

Mzee yule anampenda mjukuu wake, na kila jioni humkalisha karibu naye. Hata hivyo kile kiganja kilichobaki kitupu kimenifanya nifikiri sana juu ya namna tunavyowachagulia zawadi watoto kama huyu, na rai yangu ni kwamba zawadi inapaswa kumlenga mtoto mwenyewe, kwa umri wake na kwa yale anayoyapenda, wala si hali aliyozaliwa nayo, na inapaswa kupita mikononi mwake yeye.

Sindromu ya Down inatokana na kromosomu moja ya ziada. Watu wengi wana kromosomu 46 katika kila seli, ilhali mtoto huyu ana 47, kwa kuwa ile ya 21 iko mara tatu badala ya mara mbili. Jambo hili lilitangazwa na Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake mwaka 1959. Haiambukizi, haikuletwa na kijicho cha mtu, na mama hakukosea kitu. Kwa kawaida misuli ya mtoto huwa laini, viungo vyake hulegea na vidole huwa vifupi; wengi wana matatizo ya kusikia au kuona. Lakini jambo ambalo ndugu na jamaa wanapaswa kulielewa kabla ya kwenda dukani ni kwamba kwa watoto wengi wa hali hii kuelewa kunatangulia kusema. Mtoto anajua mengi kuliko yale ambayo ulimi wake unaweza kuyatamka, na mtu anayepima akili yake kwa wingi wa maneno atampa zawadi iliyo chini yake kila mwaka.

Ndivyo ilivyotokea kwetu. Jamaa mmoja alimletea manyanga ya kuchezea mtoto mchanga, akidhani amefanya hisani, naye akayaweka kando kwa adabu na kwenda kuwafuata binamu zake waliokuwa wakipiga mpira. Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili, nao ni wale wanaoleta vifaa vya mazoezi tu, vya kukaza vidole au kuzoeza midomo, kana kwamba sikukuu ni siku nyingine ya kliniki. Wifi yangu humfanyisha mwanawe mazoezi mwaka mzima, na ninaheshimu sana kazi hiyo. Kitu cha kuchezea kinaweza kabisa kumfaidi mtoto na bado kikawa cha furaha, mradi aliyekinunua alianza kwa kujiuliza huyu mtoto anapenda nini.

Baada ya ile siku ya barazani nilimnunulia kipochi. Nilichagua chenye zipu kubwa na nikafunga utepe mnene kwenye kishikio chake, kwa sababu vidole vyake vinapata taabu kukamata kitu chembamba. Ndani yake niliweka noti chache, na kwa wiki kadhaa tulizizoea pamoja. Watoto wenye hali hii mara nyingi hujifunza vizuri zaidi kwa macho kuliko kwa masikio, na noti zetu za Tanzania zimejaa picha: ya 1,000 ina sura ya Mwalimu Nyerere, ya 2,000 ina simba, ya 5,000 ina kifaru, na ya 10,000 ina tembo. Alimjua simba kabla ya kuisoma ile 2,000. Idi iliyofuata nilimwomba mzee ampe noti ya simba, tena amwekee kiganjani mwenyewe, naye akafanya hivyo bila kusita. Mtoto akaitia kipochini, akavuta zipu, akamshika dada yake mkono, wakaenda dukani kununua ubuyu na barafu. Sijawahi kumpa mtoto yeyote zawadi iliyotumika sana kama kile kipochi, ingawa bei yake ni ndogo mno kuliko magari ya betri yanayopangwa madukani kila sikukuu inapokaribia.

Zawadi nyingine ninayoipendekeza kwa moyo wote ni kitabu cha picha za watu wake. Chapisha studio picha za mama, baba, bibi, babu, jirani, kuku wa uani na mwalimu anayempenda. Zibandike kwenye daftari lenye jalada gumu, picha moja katika kila ukurasa, na chini yake andika neno moja tu kwa herufi kubwa na nene. Huko Portsmouth, Uingereza, mwanasaikolojia Sue Buckley alianza kuchunguza usomaji wa watoto hawa mnamo 1980, baada ya baba mmoja kumweleza jinsi alivyomfundisha binti yake kusoma kwa kadi za maneno tangu akiwa mdogo, na tangu hapo imeonekana kwamba wengi wao hulitambua neno zima kwa sura yake, na kwamba kusoma kunawasaidia kusema. Mtoto wetu alianza na neno "bibi". Analionyesha kwa kidole, kisha anamtazama bibi yake, kisha analitamka, na kila mgeni anayefika lazima apitishwe kurasa zote hadi kwa kuku.

Mpira unafaa, hasa ulio laini na usiojazwa upepo sana, kwa kuwa unadakika kwa urahisi na unawaita watoto wengine wacheze naye. Ngoma ndogo na kayamba pia. Simu au kompyuta ya kibao sipendi iwe zawadi ya sikukuu, si kwa sababu haina faida, bali kwa sababu siku ambayo nyumba imejaa binamu kutoka Muheza na Pangani ndiyo siku ambayo hapaswi kukaa peke yake akitazama kioo.

Kuhusu usalama nitasema wazi, kwa kuwa hapa mapenzi hayatoshi. Baadhi ya watoto hawa huendelea kutia vitu mdomoni hata baada ya umri ambao wenzao wameacha, kwa hiyo usitazame tu umri ulioandikwa kwenye boksi. Muulize mama yake. Shanga, kete ndogo na sumaku ziepukwe ikiwa bado ana tabia hiyo. Betri ndogo za mviringo zinazofanana na kitufe ni hatari kwa mtoto yeyote, kwani ikimezwa moja inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2, na mtoto apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri kuona dalili. Tena lipo lile jumba la upepo la kurukia ambalo huwekwa kwenye viwanja vya sikukuu. Kwa baadhi ya watoto wenye sindromu ya Down mifupa ya juu ya shingo haikushikana imara, na kurukaruka au kuanguka vibaya kunaweza kuumiza uti wa mgongo, kwa hiyo kabla ya kumkatia tiketi kama zawadi, wazazi wake wawe wameshazungumza na daktari. Pipi na soda zisifanywe ndiyo zawadi yenyewe, maana wengi wao huongezeka uzito upesi.

Nimeliacha mwisho lile ambalo kwetu pwani ndilo zawadi kuu ya Idi, yaani nguo. Nguo ya dukani mara nyingi haimkai vizuri mtoto huyu: ikimtosha kifuani, mikono inamfunika vidole, shingo yake ni fupi na kola inambana, na mguu wake ni mfupi na mpana, kiasi kwamba kiatu kinachomwenea upana kinamzidi urefu. Kwa miaka mingi alivaa kanzu iliyokunjwa mikono mara mbili, huku wenzake wakiwa wamenyooka. Hapa tuna neema ya mafundi cherehani, na sioni kwa nini tusiitumie. Fundi akimpima mwenyewe, akashusha shingo kidogo, akaweka vishikizo vya kubana badala ya vile vifungo vidogo, mtoto atavaa kanzu yake bila kusaidiwa na atakwenda kuswali Idi akiwa kama binamu zake. Viatu viwe vya mkanda wa kunata, si vya kamba. Mwaka huu ameomba pia jezi ya Coastal Union, kama ile ya kaka yake mkubwa, na hiyo nayo itapunguzwa mikono. Kitambaa cha kanzu nimekipeleka mapema na yeye mwenyewe amesimama akapimwa, kwa sababu kumi la mwisho la Ramadhani likishaanza, fundi wetu hapokei tena kazi mpya.