Pengwini wa Halley Bay na faida ya kupima kila mwaka

Kuna watu wanauliza kila siku hizi hela za kupeleka wanasayansi Antaktika zina faida gani, na mi nawaambia waangalie yaliyotokea Halley Bay. Pale palikuwa na koloni ya pili kwa ukubwa duniani ya wale pengwini wakubwa kuliko wote, maelfu kwa maelfu ya jozi, alafu 2016 barafu ya bahari ikapasuka mapema, mwezi wa kumi, vifaranga bado hawajaota manyoya ya kuzuia maji. Kifaranga wa hivo akitumbukia ndo basi. 2017 hivohivo, 2018 tena hivohivo, miaka mitatu mfululizo karibu hakuna aliyekua.

Yani dume anakaa na yai juu ya miguu siku kama 65 kwenye baridi na giza lile, hali kitu, anaishi kwa mafuta ya mwili wake tu, alafu barafu waliyosimama inakatika. Inaniuma sana hii.

Tumejuaje? Peter Fretwell na wenzake wa British Antarctic Survey, taasisi ya Uingereza ya utafiti wa Antaktika, wanasoma picha za setilaiti, wanatafuta madoa ya kahawia ya kinyesi kwenye barafu, palipo na doa kuna koloni. Ndo njia hiyo ilionyesha 2022 kwamba kwenye bahari ya Bellingshausen, hukohuko Antaktika, koloni nne kati ya tano zilipoteza vifaranga vyote.

Lakini picha ya mwaka mmoja haikwambii kitu, lazima uwe na ya juzi na ya jana. Hapohapo Halley, kwenye kituo cha utafiti cha Waingereza, walianza kupima ozoni, ile gesi ya angani inayotukinga na miale mikali ya jua, tangu miaka ya 1950, kazi ya kuchosha kweli, kipimo kilekile mwaka hadi mwaka, na namba hizo ndo zilizowawezesha wanasayansi Farman, Gardiner na Shanklin kutangaza 1985 kwamba ozoni imeporomoka, na 1987 nchi zikasaini mkataba wa Montreal wa kupunguza kemikali zinazoiharibu. Sasa wakati wa bajeti kazi kama hizi ndo rahisi kukatwa, maana hazina kipya cha kutangaza, na mi naona ni kosa kubwa, mwaka ukishapita bila kupimwa hata uwe na hela vipi huurudishi.

Baadhi ya wale wa Halley walihamia koloni ya jirani, Dawson-Lambton, ikakua sana. Hilo nalo lilionekana kwa sababu kuna mtu aliendelea kuangalia hata baada ya Halley kubaki karibu tupu.